Maiki au Kibodi? Mwongozo Kamili wa Kuwasiliana na Skwadi Yako Ndani ya Gemu

Wachezaji wa gemu za simu za kupigana kwa bunduki, yaani PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty: Mobile, hapa Tanga huniletea malalamiko mawili yaleyale, awe wa Ngamiani, Makorora au Chumbageni. La kwanza: "Naongea, lakini wenzangu hawanisikii." La pili: "Nilikuwa naandika, nikapigwa." Wengi wao wanalenga vizuri na simu zao si mbaya. Wanatolewa mapema kwa sababu aliyemwona adui hakuweza kuwaambia wenzake kwa wakati.

Msimamo wangu ni huu: sauti ni ya jambo linalotokea sasa hivi, maandishi ni ya jambo linaloweza kusubiri. Skwadi nyingi, yaani timu za watu wanne, hufanya kinyume. Wanapiga soga kwa maiki mechi nzima, risasi zikianza ndipo mtu anafungua kibodi.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, ya mbele yake itakukwamisha.

## Vinavyohitajika

Hedifoni za waya zenye maiki. Angalia pini yake. Ikiwa na mistari mitatu inayoizunguka, ina njia ya maiki. Ikiwa na miwili tu, ni ya kusikilizia. Hata uongee kwa nguvu kiasi gani, hakuna sauti itakayopita hapo. Simu isiyo na tundu la pini itumie hedifoni za Type-C.

Bando lenye akiba. Sauti haili MB kama watu wanavyodhani. Kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho ndicho cha kawaida kwenye chaneli za sauti za Discord, programu ya wachezaji kuongea, saa nzima ya kuongea bila kunyamaza ni karibu MB 29 kwa kila sauti inayopita. Ujumbe wa herufi 60 ni kama baiti 60 tu, ukiacha vitu vidogo vinavyousindikiza njiani. Kwa hiyo bando likiwa linaelekea kuisha, maandishi ndiyo ya kutegemea.

Kibodi inayojua Kiswahili. Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili. Iweke kabla ya kuanza, la sivyo kila neno lako litageuzwa kuwa la Kiingereza.

Kalamu na karatasi, kwa ajili ya hatua ya tano.

Wenzako watatu na nusu saa ya mazoezi. Msijaribu haya kwenye mechi ya kupanda daraja. Mtagombana.

## Hatua ya 1: Hakikisha maiki yenyewe ni nzima

Kabla hujagusa gemu, chomeka hedifoni, fungua kinasa sauti cha simu, ongea kwa sekunde kumi, kisha jisikilize. Sababu ni kwamba hitilafu nyingi zinazosingiziwa gemu zinatoka kwenye waya uliokatika kwa ndani au pini isiyozama hadi mwisho kwa sababu ya kava nene la simu.

Tahadhari kuhusu Bluetooth. Maiki ya hedifoni ya Bluetooth inapowashwa, kifaa kwa kawaida huacha hali ya muziki na kuingia hali ya kupiga simu. Sauti inafifia ubora, na nyayo za adui ulizokuwa ukizisikia vizuri zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Tena kuna kuchelewa: unasikia mlio wa bunduki baada ya risasi kufika. Kama Bluetooth ndiyo uliyonayo, itumie kusikilizia tu na uache maiki ya simu yenyewe ifanye kazi ya kuongea, kama gemu yako inaruhusu hivyo.

Utajua umefaulu ukijisikia kwenye rekodi kwa uwazi bila kuongeza sauti hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Toa ruhusa, zote

Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua gemu yako, kisha Ruhusa, na uruhusu Maikrofoni wakati programu inatumika. Kwenye iPhone ni Mipangilio, halafu Faragha, halafu Maikrofoni.

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Kuanzia Android 12 kuna swichi nyingine inayozima maiki ya simu nzima, na inakaa kwenye vitufe vya juu vinavyoshuka ukivuta skrini. Mtu anaigusa bila kukusudia. Gemu inaonyesha ina ruhusa, alama ya maiki ni nzima, lakini inapokea kimya. Vuta skrini, itazame.

Jambo la pili: usiwe kwenye simu ya WhatsApp na wenzako huku umefungua maiki ya gemu. Simu nyingi huipa programu moja tu maiki kwa wakati mmoja, na ile ya mazungumzo ya simu ndiyo hupewa kipaumbele. Chagueni moja, nyote wanne.

Utajua umefaulu ukiona nukta ya kijani juu ya skrini ya Android unapofungua maiki ndani ya gemu. Kwenye iPhone nukta hiyo ni ya rangi ya chungwa.

## Hatua ya 3: Chagua nani akusikie

PUBG Mobile ina alama mbili kando ya ramani ndogo: ya spika na ya maiki. Kila moja ina chaguo tatu: wote, timu, au zima. Weka zote mbili kwenye timu. Gemu nyingine zina mpangilio unaofanana na huo.

Ukiacha maiki kwenye "wote," unaweza kuwa unamsimulia adui aliye chumba cha pili mahali mlipojificha. Na ukiacha spika kwenye "wote," utasikiliza matusi ya watu wasiokuhusu badala ya nyayo.

Kosa la mara kwa mara: mtu anafungua maiki lakini anasahau spika. Yeye anasikika, ila hasikii, na anadhani wenzake wamemnunia. Hakikisha alama zote mbili.

## Hatua ya 4: Zuia kelele za nyumbani

Nyumba zetu nyingi ni za bati, na masika, yaani Machi hadi Mei, mvua ikipiga juu yake maiki inabeba mvua tu. Miezi mingine kuna feni, ambayo kwa joto la pwani huizimi. Kuna bodaboda barabarani, na kuna watu sebuleni. Maiki iliyo wazi muda wote inamwaga haya yote kwenye masikio ya watu watatu wanaojaribu kusikia nyayo.

Kwa hiyo, gemu ikiwa na chaguo la kubonyeza ndipo uongee, litumie. Kama halipo, jizoeze kuwasha maiki unapotaka kusema na kuizima ukimaliza. Hamisha kitufe cha maiki kwenye mpangilio wa vitufe, ukiweke mahali kidole gumba cha kushoto kinapofika bila kuachia kitufe cha kutembea kwa muda mrefu.

Feni iwe nyuma yako, isipulize usoni, kwa sababu upepo ukipiga maiki moja kwa moja unafunika sauti yote. Maiki ya waya ikae kama upana wa kiganja kutoka mdomoni, isisuguane na kola ya shati.

Adhana ikiadhiniwa jirani, zima maiki na tumieni alama za ramani mpaka iishe. Hilo ni adabu, na pia sauti ya kipaza ingefunika maneno yako.

Mvua kubwa ikianza, usishindane nayo. Mwambie kapteni kwa maandishi: "Mvua, natumia alama." Mechi hiyo iende hivyo.

Utajua umefaulu mwenzako akisema hajui kama maiki yako imewashwa mpaka unapoongea.

## Hatua ya 5: Kubalianeni maneno

Hii ndiyo hatua inayoamua mechi, na ndiyo isiyofundishwa popote. Mipangilio ikishakaa sawa, tatizo linalobaki ni kwamba mtu anasema, "Huyo hapo! Huyo hapo! Ananipiga!" Hapo wapi? Wenzake wanazungusha kamera, naye anaanguka.

### Mahali kwanza, hadithi baadaye

Anayekaa Ngamiani akimwelekeza bodaboda huanza na namba ya barabara, kisha nyumba, kisha rangi ya mlango. Fanya vivyo hivyo: upande, idadi, kitu kilicho karibu naye. "Moja mbili sifuri, wawili, nyuma ya gari." Mambo matatu, basi.

Kuna sababu ya kutaka ufupi. Sauti yako haiendi moja kwa moja kwa mwenzako hata kama mmekaa mtaa mmoja. Kwa kawaida hupitia kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya gemu, ambayo inaweza kuwa nchi ya mbali. Tuseme iko Ujerumani. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Tanga hadi Ujerumani ni karibu kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi pekee ni kama milisekunde 68 kabla ya mnara wa simu na vituo vya njiani kuongeza muda wao. Mwenzako anasikia neno lako la kwanza likiwa tayari limechelewa. Neno hilo la kwanza lisiwe "aisee."

### Soma dira, tarakimu moja moja

Juu ya skrini kuna dira yenye namba kutoka 0 hadi 360. Kwenye PUBG Mobile namba zinaruka kwa 15, na katikati yake kuna herufi za pande. Shida ya Kiswahili ni urefu: "mia tatu arobaini na tano" inakwisha adui ameshaingia ndani. Sema tarakimu moja moja: "tatu nne tano." Marubani hutaja mwelekeo namna hiyo hiyo, na wao wana sababu nzito zaidi ya kutaka kuelewana.

Penye herufi, kariri hizi. N ni kaskazini, E mashariki, S kusini, W magharibi. Zile za kona zitaje kwa namba, kwa kuwa "kaskazini mashariki" ni ndefu mno: NE ni nne tano, SE ni moja tatu tano, SW ni mbili mbili tano, NW ni tatu moja tano.

### Maneno ya kupiga marufuku

Chukua kalamu sasa. Mtandao unapokwama kidogo, silabi moja inameguka, na maneno yafuatayo yanageukana.

*Nyuma* na *nyumba.* "Yuko nyuma" na "yuko nyumba" vinasikika sawa kabisa kwenye maiki ya simu. Anayekuja nyuma yenu aitwe "mgongoni." Nyumba iitwe "jengo." "Nyuma" libaki kwa aliyejificha nyuma ya kitu, na kitu hicho kitajwe hapo hapo.

*Sita* na *tisa.* Irabu ni zilezile, na S na T zimebadilishana nafasi tu. Pwani tuna neno letu la zamani, kenda, na hapa lina faida kubwa. 165 iwe "moja sita tano," na 195 iwe "moja kenda tano." Wenzenu wa bara wakiwa kwenye skwadi, waelezeni mara moja, watalizoea.

*Saa.* Hili ni la hatari kuliko yote. Wachezaji wa Kiingereza huelekezana kwa uso wa saa: namba 12 ni mbele, 3 ni kulia, 6 ni nyuma. Sasa mtu anaiga na kusema "saa tatu" akimaanisha kulia. Lakini kwa saa za Kiswahili, saa tatu mshale mfupi uko kwenye 9, yaani kushoto. "Saa sita" ni mbaya zaidi: mmoja anaelewa nyuma, mwingine anaona mshale uko juu kabisa, anatazama mbele. Kila namba inageuka upande wa pili kamili. Msitumie saa kabisa.

*Kushoto* na *kulia* vitumike pale tu ambapo nyote mnatazama upande mmoja, kwa mfano mkiwa ndani ya gari. La sivyo kushoto kwako si kushoto kwangu.

### Maneno ya kuweka

Andikeni kwenye karatasi maneno mafupi msiyozidisha kumi na mbili, kila mmoja apige picha. Mfano wa kuanzia: "chini" kwa adui aliyeangushwa lakini bado hajafa, "amekwisha" kwa aliyekufa, "niinue" ukianguka, "najaza" unapojaza risasi, "ondoka" kwa amri ya kuhama, "kimya" kapteni anapotaka kusikiliza nyayo.

"Kimya" liheshimiwe na wote, hata kama aliyelisema ni mdogo kuliko wewe kwa umri.

Utajua umefaulu ukitaja mwelekeo na wenzako watatu wakaelekeza kamera hapo bila yeyote kuuliza "wapi?"

## Hatua ya 6: Tayarisha maandishi kabla ya mechi

Kibodi ikifunguka simu ikiwa imelazwa, inafunika sehemu kubwa ya skrini, na vidole gumba vyote viwili vinaacha kazi ya kutembea na kupiga. Ndiyo maana unapigwa ukiandika. Dawa ni kutoandika kabisa wakati wa mapambano.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya ujumbe wa haraka wa gemu yako. Ondoa usiotumia, weka unaotumia: nahitaji risasi, nahitaji dawa, njooni, nimemwona adui. Mguso mmoja au miwili unatosha.

Pili, jizoeze kuweka alama kwenye ramani na kwenye kitu unachokiona. Alama haina lugha. Ukipangwa na Mwarabu kwenye seva ya Mashariki ya Kati, yeye hajui Kiswahili nawe hujui Kiarabu, lakini alama ya njano juu ya paa mnaielewa wote.

Tatu, kwenye kamusi binafsi ya Gboard weka vifupisho. Mfano, ukiandika "nsb" ikupe "Nisubirini, mtandao umekata." Vifupisho hivi vinakusaidia mtandao ukitetereka, kwa sababu maandishi yakichelewa yanafika mazima, wakati sauti ikichelewa inafika vipande.

Tahadhari: usiandike ukiwa umesimama wazi, hata neno moja. Andika ukiwa lobi (pale mnaposubiri mechi ianze), kwenye ndege inayowashusha mechi ikianza, ukiwa abiria garini, au ukiwa umeshakufa unatazama wenzako.

## Hatua ya 7: Gawanya kazi kati ya mdomo na kidole

Kwa mdomo: adui alipo, umeanguka, tunahama, kimya.

Kwa alama au ujumbe wa haraka: silaha uliyoiokota na huitaki, dawa, risasi, gari, sehemu ya kushukia.

Kwa maandishi: mipango ya lobi, majina ya kuongezana urafiki, lawama, sifa, na saa ya kucheza kesho.

Lawama nimeziweka kwenye maandishi kwa makusudi. Mtu akilaumiwa kwa sauti katikati ya mapambano, anajibu, na wote wawili wanaacha kusikiliza nyayo. Akisubiri hadi lobi aandike, mara nyingi hasira inakuwa imepungua.

Salamu nazo zimalizwe lobi. Sisi wa Tanga hatupunguzi salamu, na sipendekezi mzipunguze: hujambo, za nyumbani, wazee hawajambo, zote zisemwe. Ila zisemwe kabla ndege haijaruka. Anayeingia akikuta mmeshashuka atajibiwa mkitulia.

Aliyekufa anaruhusiwa kusema kitu kimoja tu: alikomwona aliyemuua. Kisha azime maiki. Kumwelekeza aliyebaki hai kila hatua kunamnyima masikio yake.

## Hatua ya 8: Linda sauti yako

Sauti inafichua umri, jinsia na wakati mwingine mtaa. Maandishi yanaficha. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: maiki kwa unaowajua, maandishi na alama kwa wageni.

Wasichana wengi wanaocheza wanazima maiki kwa sababu wakisikika tu, matusi au kutongozwa kunaanza. Skwadi isimlazimishe mtu yeyote kuongea. Mchezaji anayeweka alama haraka ana thamani kamili, na hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kigugumizi au kiziwi. Mkipanga timu, mpangieni kazi inayofaa alama, kama kutazama mgongoni.

Kwa watoto, mzazi amwekee spika na maiki kwenye timu pekee, na siku za mwanzo acheze bila hedifoni ili wakubwa wasikie anaongea na nani.

Usiseme wala kuandika namba ya simu, namba ya siri ya pesa za simu, au msimbo unaoletwa kwa ujumbe mfupi. Anayeahidi UC (pesa za ndani ya PUBG Mobile) au almasi (za Free Fire) za bure kwa masharti hayo anataka akaunti yako au pesa zako. Namba ikikutumia ujumbe wa utapeli, ripoti kwa kuituma 15040.

Ukinyanyaswa, mnyamazishe kwanza, rekodi skrini, kisha tumia kitufe cha ripoti cha gemu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na unyanyasaji wa mtandaoni umo ndani yake.

## Hatua ya 9: Mechi tatu za majaribio

Chezeni mechi ya kwanza kwa maiki tu, hakuna anayeandika. Ya pili kwa alama na ujumbe wa haraka tu, maiki zote zimezimwa. Ya tatu kwa mgawanyo wa hatua ya saba.

Mechi ya pili itawachosha, lakini msiiruke. Ndiyo inayowazoesha vidole, na siku mtandao ukikataa sauti hamtahangaika.

Baada ya kila mechi, kila mmoja aandike lobi jambo moja ambalo hakulisikia au hakulielewa. Neno likitajwa mara mbili, libadilisheni kwenye karatasi.

## Ikikwama katikati ya mechi

Sauti zinakuja vipande vipande. Tazama pingi, ile namba ya milisekunde kwenye kona ya skrini. Ikiwa inarukaruka, tatizo ni mtandao. Zima spika ya "wote," funga programu zinazopakua kwa nyuma, sogea karibu na dirisha. Ikiendelea, hamieni kwenye alama.

Unasikia sauti yako ikirudi. Mwenzako mmoja anacheza bila hedifoni, na maiki yake inanasa spika yake. Kila mmoja azime maiki kwa zamu. Mwangwi ukikoma, mmempata. Achomeke hedifoni au apunguze sauti.

Ulikuwa unasikika, ghafla kimya. Huenda simu iliita katikati ya mechi na ikachukua maiki. Zima maiki ya gemu, iwashe tena. Ikikataa, iweke spika nayo kwenye "zima," kisha rudisha zote mbili kwenye timu. Ikikataa bado, waandikie "Sina maiki," endelea kwa alama, na ufungue gemu upya mechi ikiisha, si kabla.